Pangaboi la Nyuma

Kwamndolwa, Korogwe
Machi 6, 1993

Mwanangu Maryamu Mhina, RUBANI,

Assalaam alaykum. Hilo neno nimeliandika pia juu ya bahasha kwa herufi kubwa, na nikamkabidhi karani wa posta bahasha ikiwa imetazama juu, asome apende asipende. Akasoma. Akaniuliza, "Mama, huyu ni mwanao wa kumzaa?" Nikamjibu, "Kwani wewe unadhani nilimwokota stesheni?"

Sisi hatujambo. Mahindi ya bondeni yameota. Mitumba inakwenda, ingawa siku hizi kila mtu sokoni Manundu ni mfanyabiashara. Hata wale walionicheka kwamba navalisha watu nguo za maiti wa Ulaya, leo wamekaa safu moja na mimi wanaita wateja mpaka koo zinakauka. Lakini ukitaka nguo za watoto unamtafuta Zamda, hilo halijabadilika.

Sasa picha yako. Umesimama, mkono kiunoni, miwani myeusi, na hilo lidude liko nyuma yako limetulia kama mbuzi wako wa kufuga. Mimi niliyeishia darasa la nne, mimi niliyejifunza kuandika vizuri kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mimba yako, nimezaa mtu anayeamrisha ndege! Nimeitembeza picha soko zima. Nimeipeleka stesheni. Imeanza kupinda pembe.

Lakini baba yako mdogo Mdoe ameniudhi. Kaishika picha, kaigeuza, kaisogeza jua likaipiga, halafu mbele ya watu akasema: "Shemeji, hii ina pangaboi mbele na pangaboi nyuma. Haijui inakwenda wapi. Mwanao kapewa ndege inayogombana na yenyewe." Watu wakacheka, mwanangu. Wakacheka mpaka wateja wangu. Na kusema kweli hata mimi sikuelewa. Mkia umegawanyika pande mbili kama suruali iliyoanikwa kwenye kamba, na katikati ya hizo suruali kuna pangaboi. La nini?

Niandikie. Niambie ndege hiyo ilitoka wapi na kwa nini iko hivyo, kwa maneno ambayo naweza kuyarudia sokoni bila kukosea. Lazima Mdoe anyamaze.

Mimi mama yako mzazi,
Zamda, mama wa rubani


Dar es Salaam
Machi 24, 1993

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Mpe baba mdogo shikamoo yangu pia, na umwambie hajakosea sana. Hata marubani wakubwa waliicheka ndege hii ilipotoka.

Hadithi yake ndiyo hii. Ndege nyingi zenye injini mbili, moja huwekwa bawa la kushoto, nyingine la kulia. Zikiwa nzima zote, raha. Moja ikifa, iliyobaki inavuta upande wake peke yake, na ndege inataka kujizungusha. Watu wengi wamekufa hivyo. Nguvu walikuwa nayo bado, ila iliwavuta pembeni. Basi Wamarekani, mwanzoni mwa miaka ya sitini, mimi bado sijazaliwa, wakaamua kuzipanga injini mstari mmoja. Ya mbele ivute, ya nyuma isukume. Ikifa moja, unapungukiwa nguvu lakini unaendelea kwenda mbele. Mkia ukagawanywa ili pangaboi la nyuma lipate pa kuzungukia. Za kwanza miguu yake ilining'inia muda wote, zilizofuata ikawa inakunjwa tumboni. Sisi tunaiita vuta-sukuma.

Waliodhani kila mtu ataikimbilia walikosea. Wengine walisema ni ndege ya wavivu. Kisha vita vya Vietnam vikaichukua, ikawa inaruka chini-chini juu ya misitu, inatafuta watu ili ndege nyingine zije zipige. Sipendi kuliwaza hilo ninapoifuta vumbi. Baada ya vita zikasambaa duniani: kupima ramani, kuhesabu tembo, kupeleka madaktari. Mwaka wa themanini kiwanda kikaacha kuziunda. Hii yetu iliundwa mwaka niliokuwa naanza darasa la kwanza. Imepiga picha mbuga za Kenya, imelala bandani miaka mingi na popo ndani yake, na sasa watu binafsi waliporuhusiwa kufanya biashara ya ndege, tajiri wangu Bwana Kaleb akainunua. Kila nikiigusa nawaza, mama, hiki chuma kimeona dunia kuliko ukoo wetu wote.

Ina ila moja. Injini ya nyuma haipati upepo wa kutosha ikiwa chini. Ikisubiri juani huchemka, na inaweza kuzimika yenyewe. Rubani haioni, iko nyuma ya mgongo wake, na ya mbele inanguruma masikioni. Kuna watu wameondoka wakidhani wana mbili kumbe wana moja, wakaishia mwisho wa kiwanja. Ndiyo maana mbele yangu kuna kibao kidogo kinachokataza kuruka kwa injini moja. Usiogope. Kuna mishale inayoonyesha, ni kuitazama tu.

Sasa ombi. Kwa sasa mzee Petro, rubani wa siku nyingi, anakaa pembeni yangu kila safari. Bwana Kaleb hajawahi kuajiri rubani mwanamke. Amesema kabla ya mwaka kwisha ataamua: aniachie ndege, au nirudi kukata tiketi ofisini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwa hiyo, mama, tafadhali, punguza kidogo kunisifu. Nikirudishwa ofisini utaficha wapi uso wako?

Mwanao,
Maryamu


Kwamndolwa
Aprili 11, 1993

Mwanangu,

Nipunguze kukusifu? Umeshamwona mtu anapunguza kupumua?

Barua yako nimeisoma mpaka imeingia. Na nimeielewa vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu hiyo ndege yako ni mkokoteni. Usinune! Sikiliza. Marobota yangu ya mitumba yanaletwa na Habakuki na Shida. Habakuki yuko mbele kwenye mpini anavuta, Shida yuko nyuma anasukuma. Pale kwenye mwinuko wa kutoka stesheni, Habakuki hageuki, hawezi kugeuka, mzigo utamrudisha. Kwa hiyo anaita, "Nyumaaa?" na Shida anajibu, "Ipooo!" Wanakwenda hivyo mpaka juu. Mwezi uliopita Habakuki aliita, kimya. Kumbe Shida kasimama anaongea na binti wa muuza mihogo. Mkokoteni ukateremka na Habakuki wake, miguu inachora barabara, hadi kwenye meza ya samaki wakavu. Robota langu bado linanuka kambare.

Basi nikawakusanya Mdoe na wenzake, nikawaita Habakuki na Shida na mkokoteni wao, nikawafundisha. Huyu anavuta, huyu anasukuma, wote wanaangalia upande mmoja, ugomvi uko wapi? Wakaguna. Wengine wakaniambia, "Mama Maryamu ungekuwa mwalimu." Mdoe hakukubali. Kasema hilo la nyuma ni pambo tu, limewekwa ili ndege iuzwe ghali. Nikamwambia, "Siku utakapoliona kwa macho yako!" Akasema, "Nitaliona." Nikamwambia, "Hutaliona! Likizunguka halionekani, ni hewa tupu!" Watu walishangilia, mwanangu.

Huyo Bwana Kaleb mwambie mama yako anamsalimu. Mwambie wanawake wa Kizigua wanabeba kuni kichwani, mtoto mgongoni na maneno mdomoni, wala hawaangushi hata kimoja.

Mama yako,
Zamda


Dar es Salaam
Juni 19, 1993

Mama,

Shikamoo. Juzi nimepita juu ya nyumba yetu.

Tulikuwa tunakwenda Arusha. Sikukuambia mapema kwa sababu najua ungepanda juu ya bati kunipungia. Mzee Petro aliniachia usukani tangu Wami. Nilipoivuka Handeni nchi ilikuwa kavu, nyekundu, njia za ng'ombe zimechorwa kama mistari ya kiganja. Halafu nikauona mto Pangani. Mama, ule mto tunaoogopa mamba wake ni uzi. Uzi wa kijani umeangushwa na mtu aliyekuwa anashona. Mkonge wa Mnyuzi umepangwa mistari kama kichwa cha mtoto aliyesukwa leo asubuhi. Reli inapita katikati, na treni ya mizigo ilikuwa imesimama, nikaweza kuifunika kwa ncha ya kidole. Na milima ya Usambara, ambayo ukiwa Korogwe unainua shingo kuitazama, ilikuwa mbele yangu, sawa na mimi, macho kwa macho, mawingu yamelala begani kwake. Nikaitafuta Kwamndolwa. Nikaona kitu kinamemeta. Bati lako jipya, mama. Nina hakika ni lile, kwa sababu lilikuwa linajisifu kuliko mabati yote.

Mzee Petro aliniona nafuta machozi akasema, "Usione haya. Mimi ni mtu mzima na bado nafika hapa nanyamaza."

Sasa habari yenyewe. Alhamisi, tarehe 15 Julai, saa nne asubuhi, natua Handeni! Tunawapeleka wataalamu wa visima, tunawangoja wamalize kikao, tunarudi nao mchana. Mzee Petro hatakuwepo. Bwana Kaleb mwenyewe atakaa kiti cha pembeni anitazame. Siku hiyo ndiyo itaamua, ameshaniambia.

Njoo, nikuone. Lakini njoo peke yako, mama, kimyakimya. Na umwombe mjomba Sufiani wa huko Handeni amwambie yule mfugaji jirani yake, mzee Lekakeny, asilishe ng'ombe kiwanjani siku hiyo, najua majani ya pale ni mazuri.

Maryamu


SIMU YA MAANDISHI
Korogwe, Julai 9, 1993

TUNAKUJA WOTE. MDOE PIA. NIMESHONA GAUNI. MAMA


Handeni
Julai 21, 1993

Kwa mdogo wangu Zamda,

Salaam. Mimi na wifi yako tu wazima. Nakuandikia kwa sababu siku ile uliondoka hujala, hujaaga, ukapanda basi na gauni lako jipya limejaa vumbi, na kanga yako ninayo mimi. Ilibaki mkononi mwangu nilipokushika.

Zamda, wewe ni Mzigua, umelelewa na mama yuleyule aliyenilea mimi. Hujui kwamba mtu akishashika safari haitwi kwa nyuma? Hata akisahau kibuyu chake unamfuata kimya mpaka umfikie. Marehemu mama alimwacha baba aende Tanga bila viatu kuliko kumwita mgongoni. Na mtoto alikuwa ameshaaga! Ameshakupa mkono, ameshapanda, mlango umefungwa. Ndege imesogea mpaka pale inapogeukia, karibu na sisi, inangoja ng'ombe wa Lekakeny watoke. Mimi nilimwonya Lekakeny. Alikuja kuwaondoa yeye na mkewe Nasha, lakini ng'ombe walikuwa wengi na yule dume mweusi hana adabu. Wamehangaika nao jua la utosini kitambo kirefu. Walipotoka, ndege ikaanza kunguruma iondoke. Hapo ndipo ulipopiga ukelele. Ukaita jina lake. Ukatoka mbio bila kanga, bila kandambili, ukaingia kiwanjani ukaenda kusimama mbele ya pangaboi na mikono juu!

Mimi sikuona kitu, vumbi lilinijaa macho. Niliona tu ndege imekata sauti, Maryamu ameshuka, amezunguka nyuma amesimama kule. Hakukutazama. Yule bwana mwenye ndege akamfuata, akawa anaongea kwa kidole. Wakakaa juani muda, wakapanda, ikanguruma sana kuliko mwanzo, wakaondoka. Mtoto hakukupungia mkono.

Wazee hapa wanasema umemwekea kisirani. Mpaka leo hatujasikia kama walifika salama. Mimi nimechinja jogoo nikawaita watu wa kusoma dua, kwa ajili ya Maryamu na kwa ajili yako. Nakupenda, lakini mdomo wako, Zamda! Mdomo wako tangu utotoni unakutangulia njiani.

Kaka yako,
Sufiani


Kwamndolwa
Agosti 2, 1993

Mwanangu Maryamu,

Nimekwenda posta kila siku. Karani siku hizi ananionea huruma, ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni. Redioni hawajasema ndege imeanguka, kwa hiyo najua mlifika. Basi ni hasira tu. Afadhali hasira.

Nataka nikueleze nilichokiona, halafu unihukumu.

Mlipokuwa mnangoja ng'ombe, mimi nilikuwa nawaonyesha watu. Hilo ndilo kosa langu, nilikuwa najisifu. Nilikuwa nimesimama nimewapa mgongo nyinyi, uso wangu kwa watu, nawaambia: "Tazameni la mbele, halionekani, ni hewa. Na la nyuma vilevile, hewa!" Mdoe akaanza kucheka. Akasema, "Shemeji, mbona hilo la nyuma mimi naliona? Nayahesabu mabawa yake. Si nilikuambia ni pambo?" Watu wote wakacheka. Nikageuka kwa hasira ili nimwonyeshe. Na kweli, mwanangu. Lilikuwa limesimama. Limetulia kama feni ya ofisi umeme ukikatika. La mbele linavuma, la nyuma limesimama, na wewe unataka kwenda.

Nikaona mkokoteni. Nikamwona Habakuki anavuta na Shida hayupo. Sikumbuki kingine. Mjomba wako alikuwa anapiga kelele asiitwe, asiitwe, na mimi najua haitwi, mama yangu alinifundisha. Lakini miguu haikuuliza.

Sasa nimekaa nafikiri. Labda uliizima makusudi ipoe. Labda ndiyo desturi yenu, na mimi mshamba nimekimbilia kiwanjani kichwa wazi mbele ya tajiri wako siku ya mtihani wako. Nilimwona alivyokunyooshea kidole. Kama amekurudisha kukata tiketi ni mimi niliyekurudisha. Ulinionya nije peke yangu. Ulinionya nipunguze maneno. Sikuweza hata moja.

Picha nimeitoa ukutani nimeiweka kwenye sanduku, chini ya nguo za marehemu baba yako. Sokoni sisemi kitu. Watu wananiuliza kama naumwa. Mdoe mwenyewe ameacha utani, ananiletea ndizi, hapo ujue hali ni mbaya.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza.

Mama yako,
Zamda


Dar es Salaam
Agosti 20, 1993

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Ningekuwa karibu ningeishika miguu yako iliyokimbia peku.

Sikuizima mimi. Ilikufa yenyewe, kwa joto, tukingoja. Macho yangu yote yalikuwa kwa yule dume mweusi wa mzee Lekakeny, nikiogopa atarudi kiwanjani. Mishale ya injini ya nyuma ilikuwa mbele yangu imelala chini. Kibao nilichokuandikia habari zake kilikuwa mbele yangu. Ngurumo ya mbele ilinijaa masikio na nilikuwa nataka kumwonyesha Bwana Kaleb jinsi ninavyoondoka upesi bila kusitasita. Nilikuwa nimeshaachia breki, mama. Tulikuwa tumejaa watu na mafuta, na unaujua mwisho wa kile kiwanja, kuna korongo. Kisha nikaona mwanamke wa gauni la maua amesimama mbele yangu na mikono juu.

Nilipokata injini kukawa kimya kabisa, na ndani ya kimya hicho nikaelewa. Unasema sikukutazama. Nilikutazama kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, kupitia kioo. Baada ya hapo sikuweza. Ningekutazama ningelia, na nilikuwa na watu wa kuwafikisha. Nilikwenda nyuma nikaligusa lile pangaboi kwa ncha ya vidole. Liligeuka polepole kama mlango. Joto lilikuwa linatoka kwenye injini kama chungu kimefunuliwa. Bwana Kaleb alikuja akaninyooshea kidole, lakini unajua alikuwa anasema nini? Alikuwa anasema, "Yule mama ni nani? Yule mama ni nani?" Tulingoja ikapoa, tukaiwasha, nikaipandisha ya nyuma kwanza mpaka nikaisikia mgongoni, ndipo ya mbele. Nilipoinua ndege niliushika usukani kwa mikono yote miwili, sikuthubutu kutoa mmoja nikupungie.

Tulipofika niliandika mwenyewe kila kitu nikampelekea Bwana Kaleb. Akanisimamisha kazi. Sikutaka kukuandikia mpaka nijue mwisho wake, nisije nikakupa nusu ya habari ukalia peke yako. Kumbe nimekuacha ukilia bila habari yoyote. Nisamehe.

Jana ameniita. Mzee Petro alikuwepo. Bwana Kaleb akasema, "Nilikaa pembeni yako na mimi sikuiona. Nina miaka mingi kwenye ndege kuliko wewe. Nikikufukuza wewe, mimi nani atanifukuza?" Akanirudishia funguo. Akasema kuanzia sasa, kila kiwanja tutakachotua, mtu wetu mmoja atasimama chini mahali rubani anapomwona, na hatuondoki mpaka ainue mikono juu kwamba la nyuma linazunguka. Nikamuuliza kwa nini mikono miwili. Akasema, "Si ndivyo alivyofanya yule mama?"

Kwa hiyo, mama, wazee wa Handeni waambie uliniita kwa nyuma, ndiyo. Nilikuwa bado sijashika safari yoyote. Ile niliyokuwa nataka kuishika haikuwa ya kufika.

Picha irudishe ukutani leoleo. Na Novemba tutatua Mnyuzi, kwenye kiwanja cha shamba la mkonge, kumchukua mwenye shamba mpya aliyelinunua. Mwenyewe amekubali ukae kiti kilichobaki mpaka Tanga. Utakuja?

Mwanao, rubani,
Maryamu


Kwamndolwa
Septemba 5, 1993

Mwanangu,

Picha imerudi ukutani, nimeitia kwenye fremu ya kioo. Lakini kumetokea msiba mwingine. Nimemsomea Mdoe barua yako na sasa hakukaliki Korogwe. Anasema ni yeye aliyeliona pangaboi kwanza! Amekaa kijiweni anasimulia alivyookoa ndege, mimi ananitaja mwishoni kama mtu aliyetumwa kufikisha ujumbe. Nikamwambia, "Wewe ulisema ni pambo!" Akajibu, "Ndiyo, lakini nilisema naliona." Nimemnunia. Sasa sokoni kuna watu wawili wanaojisifu na wateja hawajui wamsikilize nani.

Kaka Sufiani mwenyewe ameniletea kanga yangu, ameifua. Alisema tu, "Zamda, mama angekuwepo angekugombeza kwanza, halafu angekuchinjia jogoo." Nikamwambia jogoo umeshamchinja, basi nigombeze. Tukacheka.

Mnyuzi nitakuja. Swali gani hilo.

Mama yako


Kwamndolwa
Novemba 23, 1993

Mwanangu Maryamu,

Basi la Tanga limenifikisha salama jana jioni. Wamenipokea kituoni kama hujaji. Habakuki na Shida walikuja na mkokoteni, wakanilazimisha nipande mimi badala ya mzigo, wakanivuta na kunisukuma mpaka Kwamndolwa. Watu walijaa uani. Swali lilikuwa moja: kwetu kunaonekanaje kutoka juu?

Sasa wewe na mimi tunaujua ukweli.

Ulitaka nikae mbele, kiti cha heshima, nione. Nikakataa, nikamwachia yule mwenye mkonge. Nikaenda kiti cha mwisho kabisa, kwa sababu nilipopanda niliona kwamba ukuta ule wa nyuma ndio umeificha injini. Nikageuka ubavu, nikaukumbatia. Kiganja changu kimoja hapo, shavu langu hapo. Yule mtu wenu kule chini aliponyanyua mikono miwili niliona kidogo dirishani, nikajua ni mimi yule, ndivyo nilivyosimama. Kisha nikafumba macho.

Maryamu, ulipoachia breki, kitu kilinisukuma kutoka kwenye ukuta ule, kikapita kifuani, kikatoka. Nimezaa, nimezika, nimezuru makaburi ya wazee wangu, lakini sijawahi kushikwa na nguvu ya namna ile na bado nikawa nacheka. Nilijua ardhi imetuachia kwa sababu mtetemo wa chini ulikatika ukabaki ule wa nyuma peke yake, laini, kama paka anapokuwa ameshiba. Nikausikiliza. Yule mzee wa mkonge alikuwa anapiga kelele, "Mama, tazama mto! Mama, mlima huo!" Mimi sikufumbua. Nilikuwa kazini. Nawe ukaita kutoka mbele bila kugeuka, "Mama! Nyumaaa?" Nikaitikia, "Ipooo!" Ukaita tena tulipokuwa sijui wapi, nikaitikia. Mpaka Tanga.

Kwa hiyo Kwamndolwa sijaiona. Hata bati langu sijaliona.

Ila watu walikuwa wamekaa pale uani wananingoja, hata wazee, hata karani wa posta. Ningewaambia nini? Nikasimama nikawasomea kutoka kichwani barua yako ya Juni, neno kwa neno. Nikawaambia mto ni uzi umeangushwa na mtu anayeshona. Mkonge ni kichwa cha mtoto aliyesukwa leo asubuhi. Milima tulitazamana macho kwa macho. Mama mmoja alilia. Mdoe peke yake akanitazama sana, kwa sababu yeye barua ile nilimsomea. Nikangoja aniaibishe. Akakohoa, akasema mbele ya watu wote, "Ni kweli. Hata mimi naona."

Niandikie upesi barua nyingine ya namna ile. Safari ijayo nitafumba macho tena.

Mama yako,
Zamda, wa nyuma